Mabuu wa Nyigu Vimelea: Maumbile na Uainishaji Wao (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa elimu ya wadudu, mabwana shamba, na wakulima waliopasua kiwavi wakakuta ndani yake kuna mdudu mwingine anayeishi. Mifano mingi ni ya mashamba ya Afrika Mashariki, kwa kuwa nyigu hawa wamesomwa na kufugwa huku kwa miongo mingi.

Buu wa nyigu vimelea ni mdudu gani?

Ni mtoto wa nyigu anayekua kwa kula mwili wa mdudu mwingine mmoja, akiwa juu yake au ndani yake. Huyo anayeliwa huitwa mwenyeji. Kupe humnyonya ng'ombe na ng'ombe akaendelea kuishi, lakini buu huyu akimaliza malezi yake mwenyeji amekwisha kufa. Kwa sababu hiyo wataalamu humweka katika kundi lake, parasitoidi, jina lililoanza kutumika mwaka 1913 katika maandishi ya O. M. Reuter.

Usimfikirie yule nyigu wa darini anayejenga kwa karatasi na kuuma watoto. Wengi wa hawa ni wadogo, milimita moja hadi tano, hawana haja na binadamu, na wakubwa wao hula nekta. Familia ya Ichneumonidae peke yake ina spishi zaidi ya 25,000 zilizokwisha kupewa majina, na Braconidae inaifuata kwa karibu. Wengi katika hao wanajulikana kwa sura ya mkubwa tu, buu wao hajawahi kuchorwa.

Mwili wake una sehemu gani?

Tuanze na buu wa rika la mwisho. Rika, katika ukurasa huu, ni kipindi kati ya kujibambua ngozi mara moja na mara inayofuata. Buu aliyefika mwisho, karibu katika familia zote, ni mweupe au wa rangi ya maziwa, laini, amechongoka kidogo kwenye ncha mbili, hana miguu wala macho. Ana kichwa, kisha pingili 13: tatu za kifua na kumi za tumbo. Ukimtazama kwa macho matupu hutajua kifua kinaishia wapi.

Kile kiuno chembamba cha nyigu mzima bado hakipo. Kitajitokeza wakati wa pupa, na hakitakuwa kati ya kifua na tumbo kama watu wengi wanavyodhani. Pingili ya kwanza ya tumbo huhamia mbele ikashikamana na kifua, na kiuno hukatwa baada yake. Ukizihesabu pingili za buu kisha ukazihesabu za mkubwa, hesabu haitakubali mpaka ukumbuke hilo.

Kichwa ni kidogo, na mara nyingi kimezama nusu ndani ya pingili ya kwanza. Kina taya mbili zinazotazamana, papasi (vipembe vya kuhisia) zilizodidimia hadi kubaki vijiduara au vichuchu tu, na mdomo wa chini wenye tundu ambalo hariri hutokea. Kwenye ngozi kuna vinyweleo vichache au vijiba vidogo sana vinavyoonekana kwa hadubini. Ndani, nafasi kubwa imechukuliwa na utumbo wa kati na mafuta, na pembeni zimepita tezi mbili ndefu za hariri.

Vipande vigumu vya kichwa ndivyo vyenye habari nyingi, nitavirudia chini.

Kwa nini hana miguu?

Hana pa kwenda. Mama amemtaga kwenye chakula au ndani yake. Ndani ya oda hii hii ya Hymenoptera, yaani kundi kubwa la nyigu, nyuki na chungu, kuna nyigu wasio na kiuno ambao mabuu wao wana miguu na hula majani kama viwavi. Lakini familia moja iliyo jirani nao, Orussidae, huishi kwa kula mabuu wa wadudu wanaotoboa miti, na mabuu wake hawana miguu kabisa.

Anapumuaje akiwa amezama ndani ya damu ya mdudu mwingine?

Kwa ngozi. Mabuu wachanga wanaoishi ndani ya mwenyeji kwa kawaida hawana tundu la hewa hata moja lililo wazi. Oksijeni iliyomo katika damu ya mwenyeji hupenya ngozi yao nyembamba moja kwa moja. Matundu hufunguka baadaye, na buu wa Ichneumonidae aliyekomaa huwa na jozi tisa: moja kwenye kifua na nane kwenye pingili nane za kwanza za tumbo. Anayeishi nje ya mwenyeji huwa na matundu wazi tangu siku ya kwanza, ingawa machache.

Wapo waliobuni njia nyingine. Baadhi ya Encyrtidae, kundi la nyigu wadogo wanaoshambulia vidung'ata na wadudu gamba, hutaga yai lenye shina. Mwili wa yai unabaki ndani ya mwenyeji, na shina linatokeza nje kupitia tundu lililotobolewa na mama. Buu akianguliwa haachani na ganda la yai. Sehemu yake ya nyuma, yenye matundu ya hewa, inabaki imeshikamana na lile shina, naye anavuta hewa ya nje huku akila ndani. Mtu akikuta kijishina hicho juu ya mgongo wa mdudu gamba anaweza kusema kuna nini ndani bila kupasua.

Anapata haja wapi?

Hapati, mpaka mwisho. Utumbo wa kati na utumbo wa nyuma wa mabuu hawa haujaungana, kwa hiyo taka zote hukusanyika ndani ya buu muda wote anaokula. Akishamaliza chakula, njia hufunguka na mzigo wote hutoka mara moja, mweusi au kahawia. Wataalamu huuita mekonia. Faida yake ni wazi: mtu anayekula nyama kutoka ndani hawezi kuichafua akaendelea kuila. Kwa mtafiti mekonia ni ushahidi pia, maana ukikuta pupa ya nondo iliyo tupu yenye vidonge vyeusi ndani, umejua aliyepita.

Mbona picha za buu wa spishi moja hazifanani?

Kwa sababu umeona marika tofauti. Buu aliyeanguliwa leo ana shughuli zake: kutafuta mahali, kuua washindani, kuvuruga kiini cha yai la mwenyeji, kukwepa kinga. Wa rika la mwisho ana shughuli moja, kula. Umbo hufuata shughuli, na tofauti huwa kubwa kiasi kwamba watafiti wa zamani waliweza kumpa buu mchanga na buu mkubwa majina mawili. Mabadiliko ya namna hii huitwa haipametamofosisi.

Idadi ya marika nayo hutofautiana. Wengi wa Ichneumonidae wana matano, jamaa wa Cotesia, jenasi ya Braconidae, wana matatu. Kwa Trichogramma, ambao hukua ndani ya yai la nondo, wapo waliohesabu matatu na wapo waliohesabu moja tu. Buu ni mdogo na ngozi anayojibambua ni nyembamba mno kuonekana.

Mabuu wa rika la kwanza wamegawanywa katika aina zipi?

Mgawanyo unaotumika hadi leo ulipangwa na Mmarekani Curtis P. Clausen mwaka 1940. Sitazitaja aina zote, nitataja zile ambazo mtu wa huku anaweza kukutana nazo, na moja mbili ambazo ni za ajabu kiasi cha kutoziacha.

Aina ya kawaida, himenopterifomu, hufanana na buu mkubwa tangu mwanzo. Ndiyo ya wengi wanaokula kutoka nje. Bracon hebetor, anayeshambulia viwavi wa nondo kwenye maghala ya nafaka, yumo humu. Yumo pia Prorops nasuta wa familia ya Bethylidae, anayeingia ndani ya buni kumtafuta ruhuka, yule kijidudu anayeitoboa. Nyigu huyu wa Afrika alichukuliwa Uganda na kupelekwa Brazil mwaka 1929.

Aina yenye mkia ina kichwa kidogo cha kahawia na mkia mrefu wa nyama nyuma. Mkia hupungua kila anapojibambua, hadi rika la mwisho hauonekani tena. Diadegma semiclausum, aliyeletwa Kenya kutoka Taiwan na kuachiliwa katika milima ya Taita mwaka 2002 dhidi ya nondo mgongo wa almasi kwenye kabichi na sukumawiki, huanza maisha hivi.

Aina yenye taya-mundu ni ya wapiganaji. Kichwa ni kikubwa na kigumu, na taya zimepinda, ndefu, zenye ncha kali. Hazikuumbwa kwa kutafuna chakula. Mwenyeji mmoja anatosha kulisha buu mmoja tu, na wakiwamo wawili mmoja lazima afe. Akishajibambua mara ya kwanza taya hizo hupotea, na zinazofuata ni ndogo na laini. Jamii ya Opiinae, maadui wa inzi wa matunda, ndio mfano wa karibu. Fopius arisanus, aliyeletwa Kenya kutoka Hawaii mwaka 2006 baada ya inzi vamizi wa maembe Bactrocera dorsalis kuonekana mwaka 2003, hutaga ndani ya yai la inzi. Buu wake hubaki katika rika la kwanza, akisubiri, muda wote funza wa inzi anapokula embe. Funza akiingia udongoni na kuwa pupa ndipo buu anapoanza kukua kwa kasi, na katika pupa ile hutoka nyigu. Isipokuwa huyu mara nyingi hawaangamizi wapinzani kwa taya. Huwadhoofisha kwa njia ya kemikali ya mwili wakafa kabla ya kukua.

Aina yenye kibofu ni ya Cotesia. Mwisho wa utumbo umepinduliwa nje ukawa puto dogo nyuma ya mwili. Kupitia hilo buu hutoa uchafu wa majimaji, hufyonza virutubisho na husaidia kupumua.

Wanaokua ndani ya mayai ya wadudu wana maumbo yao. Telenomus remus, ambaye hukua ndani ya mayai ya viwavijeshi vamizi, ana buu asiye na pingili, mwenye taya zilizopinda, pembe nyuma, na duru la nywele ndefu kiunoni. Anapojitikisa huvuruga kiini cha yai kikawa uji anaoweza kuunyonya. Trichogramma ni mfuko tu, hana chochote cha kueleza zaidi ya taya mbili. Katika Platygastridae, wale wanaokula inzi watengeneza vinundu kwenye mpunga na mimea mingine, buu ana sehemu pana ya mbele na mkia uliogawanyika. Anafanana sana na yule kamba mdogo wa maji baridi aitwaye Saiklopi, na jina la aina limetoka huko.

Leptopilina, wa familia ya Figitidae, hukaa ndani ya funza wa inzi wadogo wa matunda yaliyooza. Buu wake ana jozi tatu za viungo virefu vya nyama chini ya kifua. Si miguu, havina maungio, na hupotea baadaye.

Na planidia. Hawa nawapenda kuliko wote. Mama, wa familia ya Eucharitidae, hatagi kwa mwenyeji kamwe. Hutaga mamia ya mayai kwenye majani na machipukizi. Kinachoanguliwa ni kijidudu cha sehemu ya milimita, kimevaa mabamba magumu meusi, kinatembea, na vingine vinaweza hata kurukaruka. Kinamsubiri siafu au chungu apite, kinamshika, kinabebwa hadi kiotani, na huko kinahamia kwa buu wa chungu. Kikishaanza kula, mabamba yanaachana na mwili unavimba katikati yake, na katika rika linalofuata unaona kifuko cheupe kisichoweza kusogea hata kidogo.

Kwa hiyo aina hizo ndizo familia za nyigu?

Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Mihadhara mingi huweka orodha ya Clausen chini ya kichwa cha habari "uainishaji", msomaji akadhani kila aina ni ukoo. Orodha ile inaeleza maisha ya buu. Haielezi ndugu zake.

Chukua Braconidae peke yake. Nyigu wa vidukari wana buu mwenye mkia, Cotesia wana kibofu, Opiinae wana taya-mundu, Bracon ni wa kawaida. Familia moja, aina nne. Kisha chukua planidia na uende kinyume chake: umbo hilo hilo la mtoto mdogo mgumu anayetembea kumtafuta mwenyeji lipo kwa inzi wa familia ya Acroceridae wanaokula buibui, na jambo linalofanana nalo lipo kwa mbawakawa wa familia ya Meloidae. Hao hawana undugu wowote wa karibu na nyigu. Kila anayetaga mbali na mwenyeji anahitaji mtoto anayejua kutembea, basi.

Kwa maoni yangu, anayeandika ripoti aandike mambo mawili mahali pawili: umbo la rika la kwanza kama maelezo ya ekolojia, na familia kwa ushahidi mwingine.

Ushahidi huo mwingine hupatikana wapi kwenye mwili wa buu?

Kichwani mwa buu wa rika la mwisho. Nilisema awali buu ni laini, lakini kuzunguka mdomo kuna fremu ya vipande vigumu vya kahawia vinavyobakia hata nyama ikiyeyushwa. B. P. Beirne alionyesha mwaka 1941 kwamba fremu hiyo hutofautisha jamii za Ichneumonidae, na J. R. T. Short akaiendeleza kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 25, hadi funguo zake (maelezo ya kutambulia hatua kwa hatua) za mwaka 1978 ambazo bado zinafunguliwa maabara.

Unaanza na taya: ncha ina urefu gani, ina meno upande mmoja au pande mbili, au ni laini. Juu ya mdomo kuna tao liitwalo epistoma. Liko kamili au limekatika katikati? Pembeni tao linashuka kuwa plurostoma, ambapo taya zimeegemea, kisha hipostoma inayokwenda nyuma, na mara nyingi hipostoma ina mwiba unaoelekea ndani. Chini kuna kipande cha labiamu, yaani mdomo wa chini, kinachozunguka tundu la hariri, chenye umbo la pete iliyofunga au la herufi U. Ongeza idadi ya vinundu vya hisia kwenye papi (vijiungo vya kuhisia) za mdomo, umbo la papasi, na umbo la matundu ya hewa pamoja na kifuniko kilicho nyuma yake. Hakuna alama moja inayotosha. Zikiungana tano au sita, jamii hujulikana, mara nyingine hata jenasi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kumuua buu. Anapogeuka pupa huiacha ngozi yake ya mwisho imekunjamana ndani ya kifuko cha hariri, fremu ya mdomo ikiwa mahali pake. Subiri nyigu atoke, mtambue kwa sura ya mkubwa, kisha rudi kwenye kifuko uitoe ile ngozi. Sasa buu ana jina. Sehemu kubwa ya tunayojua juu ya mabuu wa Ichneumonidae na Braconidae ilipatikana kwa vifuko vilivyokwisha kuachwa.

Na kwa nyigu wadogo wa Chalcidoidea?

Huko njia hiyo haifiki mbali. Fremu ya mdomo imepungua hadi kubaki taya mbili ndogo na vijiti viwili vitatu, na familia mbalimbali hufanana. Wengi pia hawasuki kifuko. Mtafiti huongozwa na mambo ya pembeni: mwenyeji ni nani, mabuu ni wangapi, wako nje au ndani, pupa ziko uchi au la. Pediobius furvus wa familia ya Eulophidae, kwa mfano, huacha kundi zima la pupa zilizo uchi ndani ya pupa moja ya bungua wa mahindi. Euplectrus, pia Eulophidae, ni kinyume chake na ni rahisi kumtambua: mabuu wa kijani wamejipanga juu ya mgongo wa kiwavi aliye hai, na baadaye husuka nyuzi zinazotengenezwa si na tezi za mdomo bali na mirija inayofanya kazi ya figo.

Familia zenyewe bado zinahama. Mwaka 2022 Pteromalidae ya zamani ilivunjwa kwa ushahidi wa DNA na ikatoa familia nyingi mpya. Ukikuta kitabu cha zamani hakikubaliani na makala mpya, huenda vyote vinazungumzia mdudu yule yule.

Idiobionti na koinobionti ni nini?

Ni mgawanyo wa tatu, baada ya ule wa maumbo na ule wa familia, ulioenezwa na Askew na Shaw mwaka 1986, nao hutazama mwenyeji. Idiobionti humzuia asikue: mama humchoma akapooza, au hutaga kwenye yai au pupa. Koinobionti humwacha mwenyeji aendelee kula, kukua na kutembea huku buu yumo. Prorops na Trichogramma ni wa kwanza, Cotesia na Diadegma ni wa pili. Wa pili kwa kawaida huwa na mabuu wachanga wa maumbo ya ajabu zaidi, kwa kuwa lazima waishi ndani ya mwili ulio hai na wenye kinga.

Mwenyeji hajitetei?

Hujitetea, na mara nyingi hushinda. Chembe za damu yake hulizingira yai au buu mchanga tabaka juu ya tabaka hadi akafa kwa kukosa hewa. Dhidi ya hilo, jike la Cotesia hudunga pamoja na mayai virusi viitwavyo polidinavirusi. Maagizo ya kuvitengeneza yameandikwa katika DNA ya nyigu mwenyewe, na hutengenezwa katika ovari zake. Vikiingia kwenye seli za kiwavi hudhoofisha kinga. Zaidi ya hayo, utando uliozunguka kiinitete hupasuka ukatoa seli kubwa zinazoelea, teratosaiti, ambazo hukua na kutoa kemikali zinazomsaidia buu kupata lishe.

Jambo hili limeonekana wazi kwenye mahindi ya Kenya. Cotesia sesamiae wa nyanda za juu za magharibi hukua vizuri ndani ya bungua Busseola fusca. Yule wa pwani, spishi ile ile kwa sura, akitaga ndani ya Busseola mayai yake huzingirwa na kufa. Cotesia flavipes, aliyeletwa na icipe (kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi) kutoka Pakistan mwaka 1991 na kuachiliwa pwani mwaka 1993 dhidi ya Chilo partellus, naye hawezi kumshinda Busseola. Ukipasua bungua ukakuta vidonge vyeusi vidogo ndani ya damu, huenda unaona mayai ya nyigu yaliyoshindwa.

Ni kweli yai moja linaweza kutoa mabuu elfu?

Ni kweli, kwa Copidosoma floridanum wa familia ya Encyrtidae. Yai moja ndani ya yai la nondo hugawanyika tena na tena, na kiwavi akikomaa huwa na mabuu zaidi ya elfu moja ndani yake. Wachache miongoni mwao hukua mapema, wakawa warefu wenye taya kali. Hao huua wapinzani, hawageuki pupa kamwe, na hufa pamoja na mwenyeji. Ndugu zao walio wanene na wasio na silaha ndio huwa nyigu.

Nimepata funza ndani ya kiwavi. Nitajuaje ni nyigu na si inzi?

Tazama mbele na nyuma. Inzi wa familia ya Tachinidae, wanaokaa ndani ya viwavi vile vile, hawana kichwa. Ndani ya ncha ya mbele kuna kulabu nyeusi zinazoonekana kupitia ngozi, zikielekea chini. Nyuma wana madoa mawili ya matundu ya hewa, makubwa na meusi. Buu wa nyigu ana kichwa, hata kikiwa kidogo, na taya mbili zinazokutana kutoka kushoto na kulia. Matundu yake yamepangwa ubavuni, na nyuma hakuna madoa. Ukikuta pupa, ya inzi ni pipa gumu la kahawia; ya nyigu inaonyesha miguu, papasi na mabawa yaliyokunjwa.

Kiwavi ana vitu vyeupe kama punje za mchele mgongoni. Ni mayai? Nivichome?

Si mayai, na tafadhali usivichome. Viwavi hawatagi. Hivyo ni vifuko vya hariri vya Cotesia au jamaa zake, na kila kimoja kina pupa ya nyigu. Mabuu walitoboa ngozi ya kiwavi kutoka ndani, wakajibambua wakati wa kutoka, na ngozi iliyoachwa ikaziba tundu ili damu isimwagike. Kiwavi huyo hali tena na atakufa. Cotesia flavipes hufanya hivyo ndani ya bua la mahindi, kwa hiyo vifuko vyake hukutwa kwenye njia ya bungua ukipasua bua.

Vidung'ata wa muhogo waliokauka na kuwa kahawia, wagumu, nao waache kwenye mmea. Ndani yuko Anagyrus lopezi, nyigu aliyepatikana Paraguay na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingi za Afrika. Kazi hiyo ilimpatia Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Siku hizi si DNA inatosha?

Kwa kupata jina, mara nyingi inatosha. Kipande cha jeni ya COI kutoka kwa buu hulinganishwa na cha mkubwa aliyetambuliwa, hata buu akiwa bado ndani ya mwenyeji. Bila njia hii mabuu wa kundi la Cotesia flavipes wasingetenganishika, kwa kuwa hata wakubwa hutofautishwa hasa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mwaka 2017 nyigu wa Kenya waliokuwa wakihesabiwa kuwa Cotesia sesamiae, ambao hushambulia Sesamia nonagrioides anayekaa kwenye mafunjo-paka ya Typha, walipewa jina lao, Cotesia typhae.

Lakini jeni haikuambii buu alikuwa nje au ndani, alikula nini, wala alifika vipi. Na kama hakuna mkubwa aliyekwisha kusomwa wa kulinganisha naye, utabaki na herufi tu.

Nimtayarisheje buu ili nimwone vizuri?

Ngozi ya mwisho iloweke katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi nyama iyeyuke, suuza kwa maji, tia rangi ya asidi fuksini ukiwa nayo, kisha iweke kwenye slaidi, uso ukielekea juu. Usibonyeze kioo kwa nguvu; fremu ya mdomo ikivunjika kazi imeharibika. Kwa mabuu wachanga, pasua mwenyeji ndani ya maji yenye chumvi kidogo. Katika maji matupu huvimba na kupasuka mbele ya macho yako.

Wanaweza kuingia mwilini mwa mtu?

Hapana.

Sampuli nizitunze na kuzipeleka wapi?

Gawa mara mbili. Nusu iache hai kwenye chombo chenye karatasi na hewa hadi nyigu watoke, nusu itumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Formalini huharibu DNA, iepuke. Kila chombo kiwe na lebo ya penseli: mahali, tarehe, mmea, mwenyeji na sehemu aliyokutwa. Kwa Kenya wataalamu wako icipe, Nairobi, na Makumbusho ya Taifa. Kwa Tanzania anza na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Arusha. Ngozi ya mwenyeji aliyeliwa usiitupe, iweke kwenye chombo hicho hicho.